Malkia wa Meza ya Pili

Nikianza kusimulia hii stori mume wangu hutoka nje akaangalie ng'ombe, hata kama ng'ombe ameangaliwa dakika tano zilizopita, kwa sababu ameisikia mara nyingi na anasema aibu yangu ilishapoa zamani, ni mimi tu ninaendelea kuipasha. Lakini nyinyi hamjaisikia, na ni heri muisikie kwangu kuliko kwa watu wa Njoro, ambao wameitia chumvi mpaka haitambuliki (ati nilianguka mara tatu, nilianguka mara moja, na hata hiyo moja sikufika chini vizuri). Kwa hivyo wacha nikubali mapema: mimi, mama mzima mwenye duka la agrovet pale Bahati, mtu ambaye wakulima wanamwamini na dawa ya kupe, niliaibika mbele ya ukumbi mzima Nakuru, bila viatu, nikiwa nimeshika mali ya wenyewe mkononi.

Chess, yaani sataranji, nilifunzwa na msichana wangu, Nyokabi. Alikuja nayo nyumbani likizo moja akiwa sekondari, akachoka kucheza peke yake, akaniwekea ubao juu ya kaunta ya duka katikati ya chumvi ya ng'ombe na dawa ya minyoo, akanishinda kila siku kwa wiki tatu bila huruma. Baadaye akaenda chuo huko Njoro na mimi nikabaki na ubao. Nikaanza kucheza na wateja. Mtu anakuja kununua chanjo ya kuku, anaondoka jioni. Ndivyo tukawa timu ya watu wanne, na ndivyo tukajipata siku moja ya Jumamosi kwenye mashindano ya timu nne mjini: sisi wa Bahati, watu wa Town, watu wa Naivasha, na timu ya Njoro, ambayo Nyokabi alikuwa anaichezea.

Asubuhi hiyo alinipigia simu.

"Mum, naomba kitu kimoja tu. Leo uwe kawaida."

"Kawaida namna gani?"

"Usisalimie ukumbi wote. Na usiwaambie timu yangu vile nilikuwa naogopa kuku."

Nikaahidi. Na kwa sababu nilitaka marafiki zake waone ametoka kwa watu, nikavaa viatu vipya vyeusi ambavyo nilikuwa nimenunua bila kuvijaribu vizuri. Vilikuwa vinabana kidogo. Kufika raundi ya mwisho, saa tisa hivi, hicho kidogo kilikuwa kimekuwa kingi, na nilipoketi mbele ya ubao nikafanya uamuzi mdogo ambao mtu yeyote mwenye miguu angefanya: nikavivua polepole chini ya meza, nikakanyaga sakafu baridi na soksi, nikasikia raha mpaka nikatabasamu.

"Leo umekuja na furaha, Mama Nyokabi," akasema aliyekuwa ameketi mbele yangu.

Huyo alikuwa Bwana Harjit, mwenye duka la hardware mjini, mzee wa kilemba cha buluu, mpole kama maziwa ya vuguvugu, na ndiye mchezaji mkali zaidi wa Town. Alikuwa ameshanishinda mara mbili miaka iliyopita, na mara zote mbili aliniomba msamaha.

"Nimekuja tu kukusalimia," nikamwambia.

Tulisalimiana masaa mawili na zaidi. Vipande vikaliwa kimoja kimoja mpaka ubao ukabaki karibu mtupu: yeye ana mfalme na malkia, mimi nina mfalme, malkia, na askari mmoja. (Askari ni kile kipande kidogo kabisa, lakini akifika mstari wa mwisho upande wa adui, anageuka kuwa malkia.) Wangu alikuwa amebakisha hatua tatu. Ukisikia hivyo unafikiri ni kutembea tu, lakini malkia wa Bwana Harjit alikuwa anatokea kila upande, check hapa, check pale, na kila akimshambulia mfalme wangu lazima nimhamishe, askari anabaki amesimama pale pale, na mfalme wangu anazunguka ubao kama mgeni anayetafuta choo kwenye harusi ya watu asiowajua.

Wenzangu wakamaliza. Mmoja ameshinda, mmoja ameshindwa, mmoja ametoka droo. Maana yake ilikuwa rahisi na mbaya: nikishinda, kombe linaenda Bahati, ambako halijawahi kufika. Nikitoka droo, linabaki Town. Wakaja kusimama nyuma yangu, na nikaanza kusikia pumzi zao shingoni.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho Nyokabi aliwahi kuniambia kwenye simu, nikiwa napima unga wa ng'ombe na sisikizi vizuri: "Mum, ukisumbuliwa na malkia usikimbie mbali. Msogelee mfalme wa adui. Ukikaa karibu na yeye, check zake zitaanza kumgeukia mwenyewe." Ilikuwa inaonekana kama ushauri wa mtu anayetaka nife. Lakini nikajaribu. Nikamvusha mfalme wangu hatua kwa hatua, nikamwelekeza kwa mfalme wa Bwana Harjit kama mtu anayeenda kudai heshima, na kweli check zikapungua. Askari akasonga hatua moja. Zikaja check nne. Akasonga ya pili. Bwana Harjit akavua miwani, akaipangusa, akairudisha, akacheza kitu ambacho hakikuwa check.

Nikamsukuma askari mpaka mstari wa mwisho.

Sasa nahitaji malkia wa pili, nikaangalia kando ya ubao, hakuna. Bila shaka hakuna. Malkia wangu wa kwanza bado alikuwa hai, na kila upande ulikuja na mmoja tu. Sheria ni kwamba unasimamisha saa ya mchezo, unainua mkono, unamwita mwamuzi akuletee. Naijua hiyo sheria. Nimewafunza watu hiyo sheria. Lakini saa yangu ilikuwa imebakisha sekunde arobaini, wenzangu wote walikuwa wameacha kupumua, na kichwa changu kikasema simama, kachukue kwenye meza ya pili hapo jirani.

Nikasimama. Nikaruka, kusema ukweli. Na sakafu ya ule ukumbi ilikuwa imepigwa nta nyekundu asubuhi, na mimi niko na soksi. Hatua ya kwanza ilikuwa hatua. Ya pili ilikuwa safari. Nikateleza nikiwa nimenyoosha mikono, goti moja likagusa chini, nikashika ukingo wa meza ya pili, vipande vikatikisika, na katikati ya yote hayo jicho langu likaona malkia mweupe karibu kabisa na vidole vyangu. Nikamnyakua. Nikarudi nikiteleza vile vile, nikamweka mahali pa askari, nikabonyeza saa, ikiwa imebaki sekunde kumi na moja.

"Malkia," nikasema.

Halafu nikasikia sauti kutoka meza ya pili, sauti ya chini, ya mtu aliyechoka sana.

"Mum. Hiyo ni malkia yangu. Ilikuwa bado inacheza."

Niligeuka. Nyokabi alikuwa ameketi na kalamu mkononi, anaangalia shimo kwenye ubao wake. Mbele yake alikuwa kijana wa timu ya Naivasha, anayetoka Ndabibi, ambaye mchezo wake ulikuwa umeharibika vibaya, naye akainua mkono kwa adabu.

"Mimi sina shida," akasema. "Inaweza kukaa huko."

Hapo ndipo watu walianza kucheka, kwanza pole pole, halafu kama mvua juu ya mabati. Mwamuzi, Mwalimu Koech, akaja akasimamisha saa zote mbili, amebana midomo ili asicheke. Kwa bahati Nyokabi na yule kijana walikuwa wanaandika kila hatua, kwa hivyo akaupanga ubao wao upya na malkia akarudishwa kwake. Halafu akanigeukia.

"Mama, umesumbua mchezo wa wengine na wa mwenzako. Bwana Harjit anaongezewa dakika mbili. Na malkia unaletewa, hautafuti."

"Sawa, mwalimu."

Akatoa malkia kwenye begi lake, akamweka. Na wakati huo Bwana Harjit akainama chini ya meza, akakaa huko kidogo, akatoka ameshika kiatu changu cha kushoto ambacho nilikuwa nimekipiga teke nikiruka.

"Mama Nyokabi," akauliza, "na hiki pia ni kipande chako?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nikakipokea, nikakirudisha chini ya kiti, uso unawaka, nikitamani nta ile inimeze. Lakini mchezo haukuwa umeisha, na mzee huyo hakuwa amesahau. Yule askari alipoondoka alikuwa amefungua njia, na Bwana Harjit akampitisha malkia wake hapo hapo.

"Check," akasema kwa upole.

Mkono wangu ulienda kumkimbiza mfalme. Ukarudi. Nikaangalia tena, na nikaona kwamba nikimweka mmoja wa malkia wangu katikati kumkinga mfalme, atakuwa anamtazama mfalme wa Bwana Harjit moja kwa moja, na yule mwingine yuko nyuma anamlinda. Nikamweka.

"Check pia."

Alitumia zile dakika mbili zote. Angemla malkia huyo, ningemla wake, na bado ningekuwa na mmoja. Hatimaye akatikisa kichwa, akanyoosha mkono juu ya ubao.

"Umenishinda vizuri sana," akasema. "Wewe ukicheza, mtu afunge hardware yake."

Wenzangu walinibeba. Nawaambia walinibeba, na mimi si mwepesi. Nilipowekwa chini nikamwona Nyokabi amemaliza wa kwake, ameshinda, amesimama na marafiki zake watatu wa Njoro. Nikaenda polepole, kama mtu anayeenda kuomba radhi, na nikasikia mmoja wao akimuuliza, "Kumbe yule ni mathe yako?"

Nyokabi akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye soksi zilizojaa nta.

"Ndiye," akasema. "Ndiye amempiga Harjit kwa malkia wawili."

Nililia kidogo, mkisikia tofauti ni uongo wa Njoro. Na tangu siku hiyo nimeapa, na wateja wangu ni mashahidi: askari wangu akibakisha hatua moja, saa inasimama, mkono uko juu, na mimi nimekaa kitako kwenye kiti changu mpaka mwamuzi afike, hata kama atapitia Bahati kwanza.