Ladislas na Tiyo ya Nchi Mbili

Ladislas alikuwa Murundi, jirani yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Habari zake ninaziandika mimi mwenyewe. Kalamu inanisumbua, lakini sikuomba mtu.

Kila asubuhi, mbele ya kuweka bidoni yake kwenye robine achote mayi, aliokota jiwe akagonga tiyo, lile bomba la chuma: mbili, kisha moja. Halafu akaweka sikio kwenye chuma.

"Muzee, imekusalimia?" watu walimcheka.

"Bado."

Mimi sikucheka. Nilijua anamwita nani. Anamwita bwana yangu, Natanaeli, baba wa watoto wangu.

Zamani nchi yetu kubwa na nchi yao ndogo zilifanya urafiki. Congo itoe mayi mulimani, Burundi itoe mafundi, tiyo ivuke mpaka. Siku ya kuifungua wakubwa walishikana mikono, tukala mbuzi, wakarudi kwao. Kazi ikabaki kwa wanaume wawili: bwana yangu juu kwenye tangi, Ladislas chini, ng'ambo. Ladislas akigonga, Natanaeli anajibu kwa nyundo, ndipo anafungua mayi.

Vita ilipokuja, Natanaeli alipanda kwenye tangi, hakushuka. Nikakimbia na watoto. Matanga sikuweka. Maiti hujaiona, unalilia nini? Pasta alinisemesha, nikamfungia mlango.

"Mama Eliezeri," Ladislas aliniomba mara mingi, "kugonga kwake unakujua. Nijibu wewe."

"Mwenye nyundo yuko. Nikijibu mimi, nimemzika."

Mwaka huu ugonjwa ulimwangusha Ladislas, wakamlaza hospitali Mbarara. Hana mtu, nikamfuata. Nikamkuta anagonga chuma ya kitanda kwa kijiko, wagonjwa wamekasirika.

"Mama, mnyamazishe mtu wako," akasema wa kitanda cha pili.

"Si mtu wangu. Nyamaza wewe."

Ladislas hakunitambua. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu, na kikombe anakisukuma.

"Hajafungua," akasema. "Nitakunywa nini, hajafungua?"

Nilikaa na kiburi changu mpaka jua likageuka. Kisha nikamnyang'anya kijiko. Nikagonga kama bwana yangu alivyogonga: moja, kisha mbili.

Akacheka. "Natanaeli, umechelewa!" Akanywa kikombe chote.

Alikufa kesho yake. Nikarudi Nakivale, nikatandika mkeka nje, matanga ya watu wawili. Pasta alikuja, sikumfungia.

Lakini tangu siku ile, nikifika kwa robine asubuhi, fasi ile haina mtu, ninasikia mbali ndani ya chuma: moja, kisha mbili. Si kijiko. Ni nyundo. Na mimi nimekwisha kumzika.