Sura Yangu kwa Chupa ya Uji

Chupa ya kwanza ililipuka mchungaji akiwa amefumba macho, anabariki chakula cha harusi kule Kaaga. Pa! Ya pili, ya tatu. Kofia za akina mama zikalowa uji. Bwana harusi akajitupa chini ya meza, bibi harusi akabaki amesimama peke yake, shela inadondoka uji. Mimi nililala chini nikijua ni bunduki. Kuinua kichwa tu, kifuniko kikanipata juu ya jicho. Alama iko, njoo uione.

Sasa sikia ilivyoanza. Shule niliiacha mapema, lakini uji wa kuchachuka, ule tunaita ucuru, uliza mtu yeyote hapa Siakago. Napika wimbi na mtama, ukipoa namwaga kwa kibuyu, nafunika na gunzi la mahindi. Silikazi. Uji lazima upumue.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama akatoka semina na katoni za chupa.

"Kibuyu ni ushamba, dada. Tutauza kama soda."

Akaongeza sukari, eti watu wa mjini wanapenda tamu. Nikamwambia uji huu ukitiwa sukari ukafungiwa unakasirika.

"Wewe koroga. Kufunga niachie mimi."

Akakaza vifuniko kwa kitambaa, ameuma meno. Halafu akabandika picha yangu kwa kila chupa, nimecheka, pengo lote nje. Haki nilifurahi! Nilizunguka soko zima nikijionyesha. Tukapakia chupa za ile harusi kwa buti ya gari, na jua la Siakago unalijua, tukapanda nazo mpaka Kaaga zikichemka.

Pale harusini, uji ukimtiririka masikioni, mwenyekiti akanyoosha kidole: "Angalieni picha. Mwenye uji si huyu?"

Bibi harusi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, damu ikinitoka.

Siku hizi nikifungua kibuyu sokoni, wale wauza ndengu wanajificha nyuma ya magunia: "Laleni chini, mama bomu amefika!" Tunacheka wote. Halafu jioni narudi nyumbani na kibuyu kimejaa, maana hakuna anayekunywa.

Mwenyekiti, unajijua. Njoo siku ya soko, simama kando ya kibuyu changu, sema kwa sauti ni nani alitia sukari na ni nani alikaza. Ukimaliza, nitakujazia kikombe, unywe wote wakiona.