Mashine Iliyolia Kando ya Jiko la Mama Adolphine

Mama Adolphine alileta habari ile asubuhi, mswaki bado mdomoni, akiegemea ukuta wa matofali unaotenganisha parsele yake na ya Mignonne.

"Mama Tina, ulisikia? Tata Stany eko anatafuta mashini ya kuona chini ya udongo."

Mignonne alikuwa anamwogesha mtoto wake Tina ndani ya beseni. Mikono yake ikasimama majini.

"Mashini ya namna gani?"

"Ya kutafuta matiere! Ile kobalti yenyewe! Bwana yangu alimukuta mu mji, kwa benye kuuzisha bitu bya kuran, bya umeme, anauliza mashini ya kuweka mu motokari, yenye kuongea na satelite. Satelite, unasikia? Iko kule juu, inaona byote. Atapita mu avenue yetu polepole, itamwambia: hapa iko, hapa hakuna. Kisha atauza habari kwa bakubwa, na siye batatufukuza."

"Tata Stany? Yeye?"

"Yeye mwenyewe. Bale banyamavu, mama, njo ba kuogopa."

Katika mtaa ule wa Kolwezi, karibu kabisa na machimbo ya Kasulo, neno kama hilo halichekewi. Watu walikuwa wameona majirani wakitoboa sakafu ya chumba cha kulala na kushuka na kamba kutafuta mawe meusi chini ya kitanda chao wenyewe. Wengine walitoka na mabati mapya. Wengine hawakutoka. Tangu hapo, mtu akionekana na chombo chenye waya, hata kama ni fundi wa redio, macho yanamsindikiza mpaka anapofika.

Lakini Mignonne hakuweza kulimeza. Yeye alimwona Tata Stany kila siku ya Mungu, kwa sababu alikuwa anakaanga mikate mbele ya lango lake mwenyewe na kuwauzia wapitao, na macho ya mtu aliyekaa chini huona mengi.

Mzee yule alitoka kaskazini mwa Katanga akiwa kijana, akaja Kolwezi kuendesha magari ya wakubwa wa mgodi. Kazi ile ilipokufa, alinunua Corolla nyeupe, akaifanya taksi, na tangu hapo yeye na Corolla walizeeka pamoja. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Kioo cha mbele kilipasuka toka pembe hadi pembe. Mkewe, Mama Godelieve, alikuwa amekwisha kufa. Mtoto wao wa kwanza, Stany, ambaye kwa jina lake watu wote walimwita mzee Tata Stany, yaani baba yake Stany, alikuwa karani Lubumbashi. Mzee alibaki peke yake, akipika mwenyewe bukari, ugali wake, na kuosha gari lake kila alfajiri kana kwamba linakwenda kubatizwa.

Siku Tina alipotaka kuzaliwa, ni yeye aliyempeleka Mignonne hospitali. Njia nzima alikuwa anamtangazia mashimo kabla hayajafika: "Sasa shimo, shika tumbo. Sasa hakuna, pumua. Sasa lingine, doko tu." Aliyajua yote kama mtu anavyoyajua meno yake kwa ulimi. Na Kolwezi si mji wa kujulikana hivi hivi. Mgodi ukitaka kupanuka, barabara inazibwa ukuta, nyingine inachongwa kando yake. Ndiyo maana watu wa pale wanaelekezana kwa vitu visivyokuwepo tena. Shukia pale kantini ilikuwa. Kata pale shule ilikuwa. Mgeni anazunguka mpaka analia. Tata Stany hakupotea hata siku moja.

Siku ileile ya habari ya Adolphine, mzee alisimama mbele ya lango, kofia mkononi.

"Mama Tina, wiko na nafasi? Twende mu mji kununua mashini, unisaidie kusoma. Macho yangu inakataa maandiko madogo."

Mignonne alimfunga Tina mgongoni. Alitaka kuona kwa macho yake.

Duka lilikuwa la mtu mmoja wa Kasai aliyeitwa Tshimanga, mwenye sauti ya kuuza hata akisalimia. Aliposikia wanachotaka, alicheka.

"Vieux, muzee yangu, ju ya nini usitumie telefone? Batu bote banatumia telefone kuonyesha njia!"

Mignonne akashusha pumzi. Kuonyesha njia. Kumbe ni hicho tu.

"Telefone inakufa moto," Tata Stany alijibu. "Na mutu akinipigia, karte ya njia inajificha. Mi nataka kitu chenye kazi moja."

Tshimanga akaleta cha kwanza, chembamba, kioo chake kipana kama kitabu cha misale. Walipokiwasha, barabara zikajaa mle ndani kama nyuzi, zote zikiwa na majina ya Ulaya.

"Kolwezi iko wapi?"

"Utaiingiza na internet, vieux."

"Sina internet. Niko na Corolla."

Cha pili kilikuwa na ramani ya Congo, lakini waya wake uliomba tundu la magari ya sasa, na Corolla ilikuwa na tundu moja tu, lile la kuwashia sigara. Cha tatu Tshimanga alikitoa chini ya meza kama mtu anayeonyesha mtoto mchafu. Kilikuwa kinene, kimekwaruzwa pembeni, kimetumika. Lakini waya wake, walipoujaribu ndani ya Corolla nje ya duka, uliingia sawasawa ndani ya tundu la sigara, na kadi yake ilikuwa na Congo: barabara ya Nzilo, ya Mashamba, hata avenue yao, mstari mwembamba usio na jina. Mahali barabara mpya zilipopita, kioo kilibaki cheupe tu.

"Hii ni ya zamani," Tshimanga akasema. "Haijue njia za sasa zote."

"Hata motokari yangu ni ya zamani. Batasikilizana."

Kikombe chake cha kunyonya kioo hakikushika kwenye ule ufa wa kioo cha gari, kikaanguka mara mbili. Wakachukua kibao cha kubandika juu ya dashibodi. Mignonne alisoma maandishi madogo kwa sauti, neno kwa neno. Kisha mzee akauliza:

"Na kurudi nyumbani, inafanya namna gani?"

Tshimanga akamwonyesha picha ya kijumba pembeni ya kioo. Unasimama nyumbani mara ya kwanza, unakiambia kikumbuke. Kisha popote ulipo, unagusa kijumba, basi.

"Kugusa moja tu?"

"Moja."

"Na mutu akisahau ile picha?"

"Atasahau namna gani, vieux? Ni nyumba!" Tshimanga akacheka, akamkonyeza Mignonne.

Tata Stany hakucheka. Wakaongea habari ya waya, habari ya garantii, na mzee akauliza: "Na kurudi nyumbani, inafanya namna gani?" Maneno yaleyale, sauti ileile, kama hajawahi kuyasema. Tshimanga akaeleza tena, sasa bila kucheka. Mignonne alimpanga Tina vizuri mgongoni. Akajiambia: wazee ni hivyo. Anataka kuhakikisha.

Jioni ile alimwambia Mama Adolphine, akichungulia juu ya ukuta: "Ni mashini ya kuonyesha njia tu. Nilikuwako, niliisoma."

Adolphine alimwangalia kwa huruma.

"Wee, mutoto wa batu. Tata Stany aonyeshwe njia? Aliyebeba Kolwezi nzima mu ile motokari? Alikudanganya, na weye ukasoma karatasi yake."

Kwa kweli uongo wa Adolphine ulisimama vizuri kuliko ukweli wa Mignonne.

Basi ikawa hivi. Mbele ya lango la Tata Stany mvua ilikuwa imechimba mtaro mpana, na tangu masika alikuwa anaegesha gari kando ya jiko la Mama Adolphine. Ni pale alipoketi ndani ya Corolla na kukiambia chombo kikumbuke nyumba. Kwa hiyo kila aliporudi, chombo kililia kengele pale pale, sauti ya mwanamke ikasema maneno machache ya Kifaransa, kikanyamaza. Asubuhi. Mchana. Hakikulia kwa Mignonne wala kwa mtu mwingine yeyote. Kililia penye jiko la Adolphine peke yake.

Haikuchukua wiki. Siku moja, saa za mchana, muziki ulianza kupigwa kwa nguvu kwa Adolphine, nyimbo za kanisa zikiruka juu ya mabati. Mignonne alimlaza Tina, akarudi kwenye mafuta yake. Chini ya muziki akasikia kitu kingine. Du. Du. Du. Akaingia ndani kumtazama mtoto, akaona vumbi jembamba limemkalia Tina usoni kama unga. Juu yake, kwenye ukuta ule wa matofali, ambao chumba kiliegemea upande huu na jiko la jirani upande ule, ulikuwa umefunguka ufa unaoingia kidole.

Alimnyakua mtoto. Miguu ilimpeleka kwa Adolphine bila viatu, na jikoni akakuta mbabula, lile jiko la makaa, limesukumwa pembeni, saruji imevunjwa, na Tata Kabemba, bwana wa Adolphine, amezama mpaka kifuani ndani ya shimo, jasho na vumbi vimemfanya sanamu.

"Tata Kabemba! Mutoto yangu analala nyuma ya ule ukuta!"

"Mama Tina, usilalamike," Kabemba akasema akihema. "Tukipata, na weye utakula. Mashini inalia hapa kila siku. Unafikiri inalilia nini, sombe, mboga ya bibi yangu?"

"Na usiseme kwa batu," Adolphine akaongeza, amefunga mlango kwa mgongo wake. "Yule muzee anataka kutuuza. Tumemutangulia."

Mignonne alitoka, akavuka mtaro, akamkuta Tata Stany anakunja kitambaa cha kuoshea gari. Alimweleza yote kwa pumzi moja, akamwonyesha vumbi usoni mwa Tina.

"Ni weye tu batakusikia, Tata. Mi niliwaambia ni ya njia, bakanicheka. Kabaambie weye."

Alitegemea hasira, au kicheko. Mzee alikaa chini taratibu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nikibaambia," alisema, "njo mwisho yangu."

Mignonne hakuelewa. Tina akakohoa, kikohozi kidogo cha vumbi. Mzee akamtazama mtoto, kisha akasimama, akavaa kofia yake, na kutembea.

Jikoni kwa Adolphine alizima redio kwa mkono wake. Kabemba akainua uso kutoka shimoni.

"Toka mule, mwanangu. Ile mashini haitafute matiere. Inatafuta nyumba yangu."

"Tata Stany, usitucheze," Adolphine akasema. "Nani hajue nyumba yake?"

"Mi."

Mzee aliongea akitazama ukuta, si wao.

"Nilitoka Nzilo, nilipeleka batu ba harusi. Kwa kurudi nikafika ku njia panda ya Mashamba, nikasimama. Sikujua mukono gani. Motokari za nyuma zinapiga honi, mi nashika usukani, sijue nyumba yangu iko upande gani wa dunia. Nikauliza kijana mumoja wa pikipiki, kama mugeni. Akacheka, akasema: tata, umekunywa nini? Ile kusahau ilirudi tena kisha pale. Tena na tena. Njo nikanunua mashini. Inalia hapa kwa sababu ya mutaro ku lango yangu, naegesha hapa. Basi."

Koleo lilimponyoka Kabemba. Adolphine alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Mignonne alimtazama mzee. Mzee huyu aliyemtangazia mashimo yote mpaka hospitali! Kila alfajiri aliliona gari lile likitoka, akamwambia aende salama, na hakujua kwamba ndani yake mtu alikuwa anamwomba Mungu aweze kurudi nyumbani.

"Lakini juzi ulinibeba mpaka ku soko!" Adolphine akasema ghafla, kwa sauti ndogo.

"Nilikubeba, mama. Mashini ilitubeba sisi babili. Kuanzia leo sitabeba mutu tena. Nitafika ku kanisa na ku soko, peke yangu, basi." Akamgeukia Kabemba. "Fukia. Na ule ukuta wa mutoto, tutatengeneza pamoja."

Kabemba alitoka shimoni na kuanza kurudisha udongo. Adolphine alilia, kisha akamkaripia mumewe kwa kukanyaga sufuria, kisha akalia tena.

Nje, Tata Stany alisimama kando ya Corolla, mkono juu ya bati lake. Mignonne alifikiria kumwambia "pole, Tata", akaona neno lenyewe ni dogo.

"Mama Tina," mzee akaanza, "weye unakaa pale pa lango, unaona kila anayepita. Niko na ombi moja. Usikatae."

"Sitakatae, Tata."

"Siku moja utaniona napita nyumba yangu, naendelea mbele. Kwa motokari ao kwa miguu. Siku ile usiniite Tata. Batata tuko bengi mu avenue, nitafikiri unaita mwingine. Na Stany ni jina ya mutoto yangu. Niite jina ile mama yangu alinipa. Tangu akufe hakuna mutu aliyeniita nayo, lakini nafikiri ile itanifikia."

Mignonne alirudi nyuma hatua moja. Kumwita mzee wa umri wa babu yake kwa jina lake, barabarani, kama mtu anayeita mbwa! Mama yake angemchapa mdomo, na yeye ni mtu mzima mwenye mtoto.

"Tata, mi siwezi... sijue hata jina yenyewe."

"Barnabé," mzee akasema. "Jaribu sasa, nikusikie. Kwa nguvu, mwanangu. Niite."