Niliitikia Nisichokielewa

Iko siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka, na si kwamba sijajaribu kuisahau. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, nimesimama kando ya kitanda katika zahanati ya misheni huko upande wa Zombe. Mwanamke mzee aliyenifundisha Kihispania kwa karibu miaka miwili alikuwa akinieleza jambo. Alilieleza polepole, akipumzika katikati, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Alipomaliza alinitazama akingoja. Nami nikatikisa kichwa kukubali nikasema, "Sí, Sista. Sí," yaani ndiyo. Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu ya mjukuu wangu Mumbua, anayesoma chuo pale Kwa Vonza. Ameanza kujifunza Kihispania kwa simu. Wikendi iliyopita alikuja hapa nyumbani, akaketi akibonyeza majibu, simu ikilia kwa furaha kila alipopata. Nikamwuliza kwa Kihispania kama amekula. Akajibu, "Sí, babu." Nikamwuliza amekula nini. Akajibu tena, "Sí." Tukacheka wote wawili, lakini yeye alicheka kutoka moyoni. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji kwa muda, nikijifanya naangalia kama limevuja.

Mwalimu wangu aliitwa Sista Pilar. Alikuja Ukambani akiwa muuguzi msichana, na kufikia siku zangu alikuwa bibi kizee wa kutembelea fimbo. Nusu ya watu wa kijiji chetu walipokewa na mikono yake walipozaliwa, mimi nikiwa mmoja wao. Kikamba alikisema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini alikisema, na wagonjwa walimpenda kwa hilo. Wenzake aliokuja nao kutoka kwao, wengine walirudi, wengine walizikwa. Masista waliobaki naye walikuwa Wakenya, nao walizungumza naye Kiingereza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika kadi za wagonjwa na kufagia baraza.

Siku moja aliniita akaniuliza kama ningependa kujifunza lugha ya kwao. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Usidhani ni kwa kupenda elimu, mwanangu. Palikuwa na uvumi kwamba atakayeijua lugha ile atapelekwa Hispania kusoma. Mama yangu, ambaye kanisa lake lilikuwa lile la kuimba kwa kupiga makofi na kukesha wakiomba, hakufurahi. Alisema, "Watakufundisha kupigia sanamu magoti, Kimanzi. Halafu mimi nitaambia mchungaji nini?" Nilimwambia ni lugha tu. Akasema basi niende, lakini nisilete rozari nyumbani kwake.

Tulisoma barazani saa kumi, wagonjwa wakishaondoka. Alinifundisha kwa akili sana, na ninalisema hili ili lawama ikae mahali pake. Alinieleza kwamba sisi humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, na wao humweka mwishoni. Alinieleza kwamba kwao "kuwa" ni kwa namna mbili, moja ya vile mtu alivyo na nyingine ya pale alipo au hali aliyo nayo leo, akanipa mfano wa Kiswahili: Kimanzi ni mrefu, Kimanzi yuko jikoni. Alinionyesha vile vistari vidogo vinavyokaa juu ya herufi kuonyesha sauti ipande wapi. Hivyo havikunitisha, kwa maana Biblia ya Kikamba nayo imejaa alama juu ya herufi. Kila wiki alinipa orodha ya maneno: maji, mkate, mlango, mkono, mama, kaka, dada.

Sasa sikiliza kosa langu. Sisi tulilelewa kwamba mtu mzima akikueleza jambo, unaitikia. Kumwambia "sijaelewa" ilikuwa kama kumwambia kwamba ameeleza vibaya, na mtoto wa kusema hivyo aliitwa mkaidi. Kwa hiyo Sista Pilar alipouliza kama nimeelewa, nilisema ndiyo. Shuleni nako tulipigwa kwa daftari chafu, hatukupigwa kwa kutojua tulichonakili. Basi nilinakili. Daftari langu lilikuwa zuri ajabu: maneno kwa kalamu ya buluu, vile vistari kwa kalamu nyekundu, mistari imenyooka kwa rula. Sista aliligeuza kurasa akilisifu, akawaonyesha masista wenzake. Ungeninyang'anya lile daftari, nisingekuwa na hata sentensi tano za kusema.

Sikujua kwa nini alikuwa akinifundisha. Nilidhani ni kwa ajili yangu.

Halafu mvua za Novemba zikaja, na kiharusi kikamwangusha Sista Pilar mlangoni pa chumba cha dawa. Alipofumbua macho siku ya pili, Kiingereza kilikuwa kimeondoka, Kiswahili kimeondoka, na Kikamba chake cha kiazi cha moto kimeondoka. Ilikuwa imebaki lugha moja tu, ile ya utotoni. Daktari aliyeletwa kutoka Kitui mjini alisema hilo hutokea kwa wazee wengine, na kwamba apumzishwe. Palikuwa na padre mmoja wa kwao aliyeishi Nairobi, wakamtumia habari, lakini mito ilikuwa imejaa na barabara imekatika.

Watu hawakuhangaika sana. Walisema, "Si Kimanzi yuko? Yeye anajua hiyo Kihispania." Ndipo nilipoelewa mama huyu alikuwa akinifundishia nini. Aliijua siku hiyo inakuja, akatengeneza mtu mmoja wa kumsikia. Nami bado ningeweza kusema ukweli. Masista walikuwa wamesimama pale, ningesema, "Sijui lugha hii, tafuteni mtu mwingine." Niliona haya, mwanangu. Nikavuta kiti nikaketi.

Kwa siku nne alizungumza nami. Palikuwa na jambo moja alilokuwa akilirudia, hilo nililijua kutokana na jinsi alivyolibeba, akianza mahali pale pale na kulia mahali pale pale. Nilimletea maji. Nilifungua dirisha, nikalifunga. Nilimletea rozari yake. Na kila alipotua, niliitikia. Siku ya kwanza alionekana amepata nafuu kwa kuitikia kwangu. Alinishika mkono akalala kama mtu aliyetua mzigo. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi ya yote.

Siku ya nne alianza kunishuku. Aliniuliza swali, nikasema sí. Akaniuliza jingine, kwa sauti nyingine kabisa, nikasema sí. Akanitazama machoni. Hakukasirika. Angekasirika ningeshukuru. Aligeuza uso akaangalia ukuta, na mimi hakunisemesha tena.

Mpishi wa zahanati alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa Kalekye, ambaye hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Alikuwa ameingia na bakuli la uji, akayaona yote. Alinitoa hadi barazani akaniuliza bila kupandisha sauti, "Kimanzi, wewe unasikia kitu huyu mama anasema?"

Nikamwambia, "Hapana, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na unamwitikia kwa nini? Unamfunga mdomo. Akijua hakuna mwenye anasikia, angetafuta njia ingine. Angechora, angeonyesha na mkono. Wewe umemwambia imefika."

Akaingia ndani akaniacha hapo. Kupitia mlangoni nilimwona ameketi kitandani, amemshika Sista mashavu kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kikamba, taratibu, kwamba hamwelewi. Alijigusa sikio akatikisa kichwa kukataa. Alijigusa kifua, kisha akagusa kile kitanda, kumwonyesha kwamba hata hivyo haondoki. Sista Pilar alilia kwa sauti, halafu akauegemeza uso wake begani kwa Kalekye. Walikaa hivyo mchana kutwa. Uji uliganda na sisi tulikula isyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, yakiwa baridi. Kesho yake asubuhi alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kalekye.

Padre alifika siku ya maziko, matope hadi magotini. Baada ya sala alinitafuta. Aliambiwa mimi ndiye niliyekuwa naye, mimi ndiye niliyeijua lugha. Akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole, Sista alisema nini mwishoni, maana ana kaka mmoja huko kwao na lazima aandikiwe.

Mwanangu, hadi hapo nilikuwa na kosa la woga tu. Hapo ndipo nilipoongeza la pili. Nilimwangalia yule padre machoni nikasema, "Alisema anawashukuru nyote, na kwamba anakwenda kwa amani." Padre alifuta machozi akaandika katika kijitabu chake. Mama Kalekye alikuwa amesimama karibu na sufuria za wageni. Alinisikia. Tangu siku ile hakuwahi tena kunipakulia chakula kwa mkono wake. Alinionyesha sufuria ilipo nikajipakulia mwenyewe.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua yenye jina langu. Ilitoka kwa yule kaka, na kwa kuwa aliambiwa mimi ni mwanafunzi wa dada yake, aliandika kwa Kihispania, kurasa mbili. Ningeweza kumpelekea padre anisomee, lakini uongo wangu ungejulikana. Niliikunja nikaificha chini ya godoro. Ilikaa hapo mwaka mzima, na nilikuwa nikilala juu yake.

Aibu iliponichosha nilichukua kamusi ya Sista na lile daftari langu zuri, nikaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza. Safari hii sikunakili. Nilitamka kila neno kwa sauti shambani nikipalilia, mpaka majirani wakamwuliza mama kama niko sawa. Nilijifunza vitenzi, mtu mmoja mmoja, wakati mmoja mmoja. Nisipoelewa, nilirudi nyuma. Ilinichukua miaka miwili mingine, na nilipoweza, niliifungua ile barua.

Aliandika kwamba yeye na dada yake waligombana siku mama yao alipozikwa, na tangu hapo hawakuwahi kuandikiana hata mstari. Kosa lilikuwa lake yeye, alisema. Hakutaka vitu vyake wala picha. Alikuwa na swali moja tu: je, Pilar alimtaja?

Sijui. Neno la kaka lilikuwa ndani ya daftari langu, nimeliandika kwa buluu, nimelipigia rula chini. Huenda Sista alilitamka mara ishirini mbele yangu na mimi nikiwa nafikiria uso wangu unaonekanaje. Nilikaa na kalamu siku nyingi, kisha nikamwandikia ukweli wote: kwamba sikuelewa, kwamba yale maneno ya shukrani niliyatunga mimi, na kwamba kuna jambo alilokuwa akilirudia na kulililia ambalo silijui.

Jibu lilitoka kwa binti wa yule mzee. Nililisoma bila kamusi. Alisema baba yake alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla barua yangu haijafika. Alisema mzee aliyaweka yale maneno aliyoandikiwa na padre mezani kwake hadi mwisho, na kila mgeni alipokuja aliyasoma, kisha akauliza, "Hao wote anaowashukuru, mimi nimo?"

Leo nakijua Kihispania, mwanangu. Nimewafunza vijana wengine, na wapo wanaokula kwacho. Lakini yale maneno ya siku nne hayawezi kurudi, kwa sababu sikuyahifadhi. Nilikuwa nayaitikia tu yapite. Watu hudhani uzee hupunguza uzito wa mambo kama haya. Mimi naona unaongeza, maana sasa nami nina umri wa kuanza kuangalia ni nani atakayenisikia.

Basi shauri langu ni hili, na Mumbua nimemwambia hivi hivi, akaacha kucheka. Unapojifunza lugha ya watu, usihesabu kurasa ulizojaza wala kengele za simu zilizolia. Jiulize kama mtu wa lugha ile akiumwa mbele yako, utajua anataka nini. Mwalimu akikuuliza umeelewa, na hujaelewa, sema hujaelewa, hata kama ni mzee, hata kama darasa zima litageuka kukutazama. Mimi nilifundishwa kwamba huo ni utovu wa adabu. Nakuambia ndiyo adabu yenyewe, kwa sababu unampa nafasi ya kusema tena. Na ukishadanganya kwa woga, usingoje uongo uzae. Rudi siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado yuko hai wa kuambiwa.

Mungu akufungue masikio kabla hajakufungua mdomo. Akupe walimu wavumilivu na uso usioogopa kuaibika. Na siku ambayo ulimi wako utakuwa mzito, akuletee mtu wa kukuelewa, au akuletee mtu kama Mama Kalekye. Asikuletee mtu kama mimi nilivyokuwa.