Kifua cha Christa

Mwaka wa 1999 vita viliikimbiza familia ya mtoto Christa kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo, hadi kibanda kimoja cha Alimbongo. Moshi wa jikoni ukambana Christa mpaka kifua kikapiga mluzi. Bibi yake, mama wa baba yake, hakumung'unya maneno.

"Ni bulozi ya kwenu," alimwambia Anne-Marie, mama wa mtoto, kana kwamba uchawi ulitoka ukoo wake.

Anne-Marie alitoa mafiga nje, mvuani, akarudi amelowa.

"Infirmier wa hospitali alisema hii asma ya kifua inapita mu damu, mama. Batoto ba tumbo moja, mumoja anaipata, mwingine hapana."

"Damu ya nani?" bibi akauliza.

Tangu aolewe, Anne-Marie alimwona bibi huyo akilala ameketi, ameegemea ukuta, kama mtu anayekosa pumzi. Lakini mke wa mwana hamwekei mama mkwe sikio kifuani. Akamtuma Christa akasikilize.

Mtoto akaweka sikio kifuani pa bibi, akasikiliza sana.

"Koko, kifua yako nayo inapiga mluzi."