Mwezi Niliomnyima Mama Mkwe Maji

Mama mkwe alivunjika paja akichuma chai kwenye mteremko wetu karibu na Kabianga, akalazwa miezi mitatu. Alirudi nyumbani na magongo mawili na tabia za malkia. Kila kitu alikitaka mkononi, nami nilimletea mbio, maana nililelewa hivyo: mama wa mume hainuki kuchota maji kama mke wa mwanawe yupo. Ukimwacha ainuke, habari itafika kanisani kabla yako.

Tuliporudi hospitali kupimwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana kutoka upande wa ziwa, alimwambia atembee. Alipiga hatua nne, akaomba kiti. Kijana akanigeukia mimi.

"Nani anamletea maji?"

"Mimi," nikasema kwa fahari.

"Basi ni wewe unamlemaza huyu mama. Kuanzia leo, kitu anaweza kufikia, achukue mwenyewe."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Lakini njiani mume wangu alisema kwamba mama yake asipotembea kufikia Krismasi, atamhamishia kwa wifi yangu Nakuru, na nyumba ya mama ifungwe. Mama mkwe aligeuza uso dirishani, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Ndipo nilipoamua.

Asubuhi iliyofuata nilihamishia redio yake mbali na kitanda, nikapunguza sauti. Mama mkwe alipenda matangazo ya vifo kuliko chakula. Alitaka kujua nani amemtangulia.

"Ongeza sauti!" akaita.

"Mikono iko na unga, mama," nikajibu kutoka jikoni, nikiwa nimekunja mikono mikavu kabisa.

Alininung'unikia kwa Kipsigis, maneno ambayo siyaandiki hapa. Kisha nikasikia magongo yakigonga sakafu.

Hospitalini alikuwa ameagizwa kuinua mguu mara ishirini asubuhi na jioni. Aliinua mara tatu, akahesabu hadi ishirini bila kuvuta pumzi. Nilipomkamata, akasema ndivyo walivyohesabu zamani. Nikamwambia vizuri, hata ugali wake nitaupima kwa hesabu hiyo ya zamani. Alicheka, akaongeza mara mbili.

Kilichotusumbua zaidi ni upendo wa watu. Kila Jumamosi akina mama wa kanisa walikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuganda. Mama mkwe akisikia lango tu, alirudi kitandani kwa kasi ambayo yule kijana wa hospitali angeifurahia sana, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Pumzika tu, mama," walimwambia. "Usijisumbue."

"Nitapumzika vipi na mimi nimewekewa askari jela?" alilalamika. Wote wakanigeukia.

Jumamosi moja, Disemba ikiwa imeshaanza, akasema mbele yao, "Niletee maji."

Mtungi ulikuwa kwenye jiko la nje, ng'ambo ya ua. Hatua ishirini na mbili, nilikuwa nimezihesabu. Nilishika kiti changu kwa mikono yote miwili, nikabaki pale. Mmoja wa wageni akaanza kuinuka.

"Kaa, tafadhali," nikasema, na sauti ikanitoka kali kuliko nilivyotaka.

Mgeni akakaa tena. Nilijua kufikia kesho jina langu litakuwa limekwisha kutoka hapa hadi Kapkatet. Niliogopa, sitadanganya. Niliogopa pia kwamba labda kijana wa hospitali alikosea, na mimi namtesa mama wa watu bure.

Mama mkwe alinikodolea macho. Kisha akatupa blanketi upande, akachukua gongo moja, akaacha la pili ukutani. Kupitia mlango tulimwona akivuka ua, akisimama katikati kupumua, akiendelea. Mama mmoja alianza kumwombea kwa sauti ya chini.

Alirudi na kikombe kimejaa, maji yakimwagikia vidole. Nilidhani atakunywa. Aliwapita wageni wote, akaja hadi kwenye kiti changu, akanipa mimi.

"Kunywa," akasema. "Umekauka kwa hofu. Na umwambie bwana yako, Nakuru siendi."