Boksi la Vichwa Vilivyokataliwa

Duka la Mama Jalada linatazamana na geti la chuo, kati ya kinyozi na duka la dawa. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, kwa kuwa ndiye anayewachapia insha na kuzijalidi. Ana kompyuta mbili, printa inayokohoa kila baada ya ukurasa wa kumi, mashine ya kukatia karatasi ambayo haruhusu mtu mwingine aiguse, na mdomo. Huo mdomo ndio unaowaleta wateja, maana mashine za kuchapia ziko kila kona.

Ukileta insha, atasoma kichwa kabla ya kuwasha printa. "'Vijana na Teknolojia,'" atasoma kwa sauti, foleni nzima isikie. "Vijana gani, mwanangu? Wote? Hata wa kwangu aliyelala nyumbani?" Foleni inavunjika mbavu. Mwenye insha anajifanya hajali, analipa, anaondoka. Siku tatu baadaye huyo anarudi, mwalimu kamwambia yale yale bila utani, na kichwa kimebadilika. Ukurasa wa mbele wa zamani hutupiwa kwenye boksi chini ya kaunta, kwa sababu nyuma yake ni mweupe, na Mama Jalada hatupi karatasi yenye upande mmoja mzima.

Mwaka huu, akiwa na miaka arobaini na saba, akaingia chuoni yeye mwenyewe kusomea ualimu wa watu wazima, masomo ya jioni. Wala hakuingia kwa kunyata. Alikaa mbele, alinyoosha mkono, alibishana, na mitihani yote alifaulu. Ilibaki insha ya mwisho. Kichwa alichopeleka kilikuwa hiki: "Elimu na Maendeleo ya Jamii: Jana, Leo na Kesho."

Ningekuwepo ningecheka hadi machozi. Mhadhiri, kijana mpole ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wa Mama Jalada, hakucheka. Alizungushia wino mwekundu neno "Jamii", kisha "Jana", kisha "Kesho".

"Mama," alisema, "umeniletea dunia nzima. Nitaiweka wapi?"

Akampa hadi Ijumaa saa sita mchana alete mada nyingine. Kanuni ya chuo haikuwa na huruma: ukikataliwa mara mbili, unasubiri mwaka mzima. Na Mama Jalada alikuwa amekwisha kusubiri tangu alipoacha shule akiwa msichana.

Kilichomponza ni woga, na yeye alijua. Aliogopa kwamba akichukua mada ndogo watasema, kumbe mama wa fotokopi hana la maana. Kwa hiyo alichukua kubwa kuliko zote akajificha nyuma yake. Jumanne aliandika "Mwanamke na Elimu", akafuta. Jumatano aliandika "Elimu na Umaskini", akafuta hicho nacho, maana maswali ya kukiulizia alikuwa nayo yote mdomoni. Hakumtania mteja hata mmoja. Wanafunzi wakaanza kuulizana kama anaumwa.

Alhamisi mchana mumewe, fundi bomba, alipita dukani na mkoba wake wa spana, akitaka karatasi ya kuandikia vipimo. Akainama, akachomoa moja kwenye boksi, akaigeuza.

"'Tatizo la Maji Ulimwenguni,'" alisoma, akaguna. "Huyu ana nguvu. Mimi koki moja ya jirani imenitoa jasho tangu Jumatatu."

"Yule alibadilisha," mkewe akajibu, macho kwenye kompyuta. "Mwisho aliandika kwa nini maji hukatika saa moja asubuhi ghorofa ya tatu ya bweni la wasichana. Alihesabu mpaka ndoo. Insha tamu, niliisoma mara mbili."

"Na huyu wa 'Michezo na Afya'?"

"Aliishia kwenye goti la kushoto la wachezaji wa netiboli."

"Zote unazo kichwani?"

"Kichwani wapi! Ziko humu." Aligonga kompyuta kwa ukucha. Kidole kikabaki pale pale. "Mume wangu, hebu weka hiyo karatasi chini."

"Nina vipimo vya kuandika..."

"Andika mkononi!"

Boksi zima akalimwaga kauntani. Foleni aliiambia iende ikachapishe duka lingine, neno ambalo hajawahi kulitamka tangu afungue. Alipata kurasa sitini na moja za mwaka huu, na kwa kila moja alikuwa na kichwa chake cha mwisho kwenye kompyuta. Majina akayakata kwa kisu cha mashine, moja moja. Kisha akapanga cha kwanza na cha mwisho, bega kwa bega, na akaona kitu ambacho miaka yote ya utani hakikumpitia akilini: kadiri mada zilivyopungua ukubwa, vichwa vilirefuka. Wanafunzi hawakuwa wamekata tu. Walikuwa wameongeza saa, ghorofa, goti. Mama Jalada alicheka peke yake, kwa furaha ya wazi, mpaka kinyozi akachungulia.

Ijumaa saa tano na nusu alikuwa mbele ya meza ya mhadhiri. Kijana alisoma polepole: "Wanafunzi Sitini na Wawili wa Chuo Kimoja Walivyobadilisha Vichwa vya Insha Zao kati ya Kuchapa mara ya Kwanza na ya Mwisho, Mwaka Huu."

"Na majina yao?"

"Nimeyakata. Na yule nitakayetaja insha yake, nitamwomba ruhusa kwanza."

Mhadhiri alipekua orodha ya vichwa iliyoambatanishwa, akarudi juu, akapekua tena. "Lakini mama, hapa naona sitini na mmoja."

Mama Jalada akafungua mkoba, akaweka ukurasa mmoja mezani. Jina lilikuwa limekatwa, limenyooka vizuri. Wino mwekundu ulikuwa pale pale, kwenye "Jamii", "Jana" na "Kesho".

Mhadhiri aliitambua kalamu yake. "Na huyu," aliuliza, akibana kicheko, "aliishia wapi?"

Mama Jalada alimsogezea karatasi ya kichwa kipya, kidole kikiwa kwenye mstari wa saini.

"Anakusubiri wewe, mwalimu. Tia saini upesi, nimeacha foleni."